Mizani

Kazi yangu ni kupima chumvi, Gongoni.
Lori huingia tupu, naandika.
Hutoka limejaa, naandika.
Natoa la kwanza katika la pili;
kinachobaki ndicho mtu hulipia.

Jumamosi nimetoka zamu, nimeshuka Malindi
na vumbi jeupe bado limo nyusini.
Foleni ya kitubio ina wanawake sita
na mimi, Silvesta Mwaringa, miaka arobaini na mmoja,
nimeshika kofia kama mtu aliyeitwa na chifu.
Mbele yangu Mama Eusebia anahesabu makosa kwa vidole,
anafika cha tatu, anatabasamu.
Langu ni moja. Vidole vya nini?

Neno lenyewe ni fupi.
Wapakiaji hulitamka wakicheka, wakipigana mabegani.
Katekista Changawa hakulitamka kamwe.
Darasani, sisi wakatekumeni wenye ndevu,
alisema "lile jambo la peke yako," akafuta ubao
ambao haukuwa na kitu.
Kisha akaandika masharti ya dhambi ya mauti:
jambo liwe zito,
ujue kuwa ni zito,
na ulitake kwa hiari yako yote.
Tulikariri. Mimi la kwanza nililishika,
hayo mawili nikayaacha ubaoni.

Nyevu yuko Dammam, mwaka wa tatu
wa mkataba wa miaka miwili.

"Mara ngapi?"
"Sikuhesabu, Baba.
Mimi, ninayehesabu hata magunia yaliyopasuka."

Nyuma ya wavu feni ilikwaruza.
"Jambo ni zito," Padri Mwakio akasema, "sitakudanganya.
Kilichoumbwa kuwa zawadi, wewe unakila gizani."
Nikainamisha kichwa. Hilo nililijia.
Kisha:
"Unalala saa ngapi?"
Nikadhani sikusikia vizuri.
"Na unapoanguka, huwa umeamua,
au unajikuta umekwisha kufika chini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza.
Nilikuwa na jibu la kila kitu ila hilo.
"Kazi yako ni ipi?"
"Napima chumvi."
"Hutoi uzito wa lori?"

Nikakasirika. Kweli, nilikasirika mle ndani, nimepiga magoti.
Sikuja kupunguziwa.
Namjua dereva mmoja hupakia mawe lori likiwa tupu,
akirudi na chumvi huyashusha njiani,
karatasini aonekane amebeba kidogo.
Nami nina mawe yangu, Baba:
joto, zamu ya usiku, mazoea,
kitanda kipana upande mmoja.
Mengine ni chuma cha lori, nimezaliwa nayo au yamenikuta.
Mengine nimeyapakia kwa mikono hii,
simu ikiwa mkononi, najua ninachokitafuta.
Na usiku wa manane sijui lipi ni lipi.

Akacheka, kicheko kama kikohozi.
"Basi uliyoyapakia, yataje.
Ya lori mwachie mwenye lori."

Nikayataja. Haikuwa rahisi, wala hayakuwa machache.
Malipizi: fungu moja la rozari,
na Jumatatu nikamwombe msimamizi zamu ya mchana.
Hilo la pili ndilo lililonitoa jasho.

Miezi minane benchi letu lilisimama likaenda,
nami nikakunja miguu pembeni watu wapite,
nikisoma tangazo la harambee ambalo nalijua kwa moyo.
Jumapili hii nilisimama nao.
Sikuwa mwepesi. Magoti yaligongana.
Huenda wiki ijayo nikawa tena kwenye foleni
nyuma ya Mama Eusebia na vidole vyake.

Usiku Nyevu alipiga, kama kila Jumapili,
akauliza lile anialo kuuliza kabla ya ada za shule:
"Ulipokea?"
Miezi minane nilisema ndiyo. Hilo nalo nilikuwa nimelitaja.
"Leo nilipokea," nikasema.
Alilisikia lile "leo." Nilisikia akilisikia.
Bomba likamwagika upande wake, sahani juu ya sahani.

"Mimi huku," akasema,
"sina pa kupokelea."